Jina Nililolichukua Ukutani

Mwanangu nilimpa jina la mwanamke aliyeandikwa kwenye jiwe la ukutani, katika kanisa tunalosali huku Erdington, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Kanisa lenyewe si letu. Waingereza husali asubuhi, sisi Wakongo tunaingia mchana na ngoma zetu. Nilipofika hapa nikiwa na mimba ya miezi minane, watu wa kanisa lile ndio walionipa blanketi na kigari cha mtoto. Kwetu mtu akikupokea hivyo, mtoto hubeba jina lake. Lakini walikuwa wengi, nami sikutaka kubagua. Nikamuuliza mzee wa kanisa maandishi ya jiwe yanasemaje. Akanisomea: mke mwaminifu, mama wa watoto saba, rafiki wa maskini. Nikasema, basi huyo huyo.

Nililifuta jiwe lile vumbi kila Jumamosi bila kutumwa na mtu. Kila siku ya kuzaliwa ya binti yangu nilimsimamisha chini yake nikampiga picha. Picha kumi na nne nilizitundika sebuleni, na kila mgeni alilazimishwa kuzitazama.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, dada mpole anayeishi mtaa wa Selly Oak, aliomba kutueleza habari za jiwe lile baada ya ibada. Mkalimani wetu alikuwa mgonjwa, nikamsukuma binti yangu mbele. Kiswahili anakielewa vizuri, ila mimi hunijibu kwa Kiingereza, na siku hiyo nilitaka akina mama wenzangu wamsikie. Maringo yangu hayo.

Binti yangu alianza akitabasamu. "Huyu mama tuko na jina moja," aliwaambia, watu wakapiga makofi.

Akaendelea kutafsiri. Mume wa mama yule alikuwa na shamba kubwa la miwa katika visiwa vya Karibi, na waliolilima walikuwa watumwa, watu waliotolewa Afrika. Mume alipokufa, mke aliliendesha shamba kwa barua akiwa hapa hapa Birmingham. Niliitazama mikono yangu, mikono ile ile iliyokuwa ikifuta jiwe.

Kisha mwanafunzi akasoma mojawapo ya barua hizo. Binti yangu alisikiliza, halafu akanigeukia badala ya kutafsiri.

"Sema," nilimwambia kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

"Bwana ya huyu mama alizaa na mama moja mtumwa," alisema polepole. "Alizaa msichana. Sasa binti mukubwa wa huyu mama anaolewa. Anaandika... anaandika wamupatie binti yake huyo msichana. Ni zawadi ya ndoa."

"Wamupatie dada yake?" aliuliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Ndiyo. Dada yake. Iko na miaka kumi na ine. Sawa mimi."

Nimeona mengi kabla ya kufika nchi hii, na sikudhani kimebaki kitu cha kunishtua. Mama wa watoto saba alikaa mezani, akachovya kalamu kwenye wino, akamgawa mtoto wa mumewe kama seti ya sufuria! Na mimi, mwenye akili zangu timamu, nilichukua jina lake nikambandika mwanangu. Hakuna aliyenilazimisha.

"Huyo msichana aliitwa nani?" binti yangu alimuuliza mwanafunzi kwa Kiingereza.

Barua haikusema. Mwanzo hadi mwisho iliandika "msichana" tu.

Nyumbani binti yangu alizishusha picha moja moja, akazilaza kifudifudi mezani, nami sikumzuia. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia tutabadilisha jina, achague analolitaka, hata leo.

"Si leo," alisema, kwa Kiswahili.

"Sasa nikuite nani?"

"Uniite msichana."

Nilipika wali na sombe, majani ya muhogo. Chakula kilipoiva nilisimama chini ya ngazi nikaanza kuita jina nililoliita kwa miaka kumi na nne, nikaliacha katikati.

"Msichana!" niliita mwishowe. "Kuja ukule."

Akashuka.