Neno Nililokataa Kufuta

Mhariri alinipigia simu nikiwa kwangu Kilungu, napalilia miparachichi. Ni msichana mwenye adabu, na alitaka ruhusa ya kuweka nyota mahali pa neno moja katika kitabu changu. Kitabu chenyewe ni kumbukumbu za utoto wangu sokoni Zombe. Neno lilikuwa "waria".

Nilimfokea. Mimi ni mwalimu mstaafu na kufoka nimezoea. Nikamwambia kwamba mwenye duka tuliyenunua kwake sukari na mafuta ya taa alikuwa Msomali, soko zima lilimwita Waria, na mimi naandika yaliyokuwepo. Wasomali wenyewe huitana hivyo, mwanamume akimwita mwenzake. Kwamba vinywani mwetu liligeuka tusi, hilo nililijua, lakini sikumwambia. Badala yake nikamkumbusha sura ya kwanza, pale mzungu anapomwita baba yangu "boi" na baba ana watoto saba.

"Hilo mbona hukulifuta?" nikauliza.

Akasema atafikiria. Nikaona nimeshinda, na nilivyo mkaidi, nikataka ushindi wangu uwe na muhuri. Nikachukua mswada nikaenda nao Zombe. Yule mzee wa duka alishafariki, duka sasa ni la binti yake, mama wa makamo anayenifahamu. Nilitaka aseme tu kwamba neno hilo halimsumbui, nikamnyamazishe mhariri.

Alivaa miwani, akakaa juu ya gunia la ndengu, akasoma huku wateja wakimngoja. Alianza na sura ya baba yangu. Alipofika kwenye "boi" akaniangalia, akasema, "Pole, mwalimu." Ilitoka moyoni. Kisha akasoma sura ya duka, polepole, akarudia ukurasa mmoja.

"Babako umemwandika jina lote," akasema. "Mpaka la ubatizo. Na wangu, anaitwa nani hapa?"

Mzee huyo nilikunywa chai yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilipofaulu kwenda sekondari alinipa kalamu ya wino kutoka kwenye rafu yake, akakataa hata shukrani za mama yangu. Nikalitafuta jina lake kichwani. Likaja lile neno, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Tangu simu ile nilikuwa nikipigania ukweli wa kitabu changu, na ukweli wenyewe ndio huo.

"Yeye alikuwa anakujua kwa jina," akaendelea. "Ulipoanza kuandika kwa gazeti alikuwa anatuonyesha. Anasema, huyu ndiye nilimpea kalamu."

"Basi niambie jina lake, mama. Tafadhali."

"Leo ndio unauliza?" Hakupandisha sauti. "Si unauliza tu kwa sababu ya kitabu, mwalimu?"

Akanirudishia mswada na kumgeukia mama aliyetaka chumvi. Nilisimama pale kidogo, nikijifanya napanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Nilikuwa na aibu sana. Nilitamani anitukane, angalau nipate la kujibu.

Nilimpigia mhariri kabla sijaondoka sokoni.

"Usiweke nyota," nikamwambia.

"Sawa, mwalimu. Umeshinda."

"Sijashinda. Ukiweka nyota utanisitiri mimi, na sistahili. Liache neno kama lilivyo, na chini ya ukurasa uandike kwamba mwandishi hajui jina la mtu huyu."

Nikamsikia akiandika. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayehakikisha tarehe, "Na ulimjua kwa miaka mingapi, mwalimu?"

"Halo?" nikasema. Netiwaki ilikuwa safi kabisa. "Halo? Sikusikii."