Waya Mbili Alizonyoosha Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa stima wa kaunsili, na nyumbani kwetu Eastlands tulikuwa na dini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Jumapili asubuhi. Ya pili ilikuwa ya waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kijani ardhini. Mtu aliyechanganya rangi, Baba alimtaja kwa sauti ile ile aliyotumia kuwataja walevi.

Aliwafundisha kaka zangu watatu kushika bisibisi, wakamshinda. Akabaki na mimi. Alikuwa amenipa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mama, na huyo Mama, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa analehemu redio kwenye meza ya chakula huku mama halisi akilalamika kwamba ugali unanuka risasi ya kulehemu.

Miaka ya themanini nilipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha biskuti Baba Dogo. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa stoo na kuandika lebo za katoni kwa mkono, mamia kwa mamia, mpaka neno biskuti likapoteza maana. Kisha meneja akanunua kompyuta na printa, kila moja kutoka duka lake. Vilikaa mezani wiki nzima bila kusemezana. Fundi aliitwa kutoka mjini, akaja na tai yake, akachomeka, akachomoa, akatangaza kwamba printa imekufa, akaenda zake.

Haikuwa imekufa. Nilikuwa nimesoma habari za kebo za kuunganisha kompyuta na printa katika majarida ya zamani ya ufundi, niliyokuwa nikinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Kebo ziko za aina mbili, na kwa nje zinafanana kabisa: plagi ile ile, pini ishirini na tano zile zile. Ndani ya aina moja kila waya inakwenda moja kwa moja, pini ya pili kwa pini ya pili, ya tatu kwa ya tatu. Hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo. Shida ni kwamba kompyuta yetu ilikuwa inasema kwa pini ya pili na kusikia kwa ya tatu, na printa yetu pia hivyo hivyo. Ukiziunga moja kwa moja, mdomo unaongea na mdomo, na sikio linasikiliza sikio. Lazima waya hizo mbili zipishane ndani ya kebo.

Nikamweleza meneja. Aliniangalia kana kwamba katoni ndiyo iliyozungumza. Akasema nilete kebo yangu Jumatatu. Ikikubali, chumba cha kompyuta ni changu, na isipokubali nirudi stoo na nisimsumbue tena.

Jumapili baada ya chakula niliitengeneza. Upande mmoja wa kebo, waya nyekundu niliitoa pini ya pili nikaipeleka ya tatu, na nyeupe nikaitoa ya tatu nikaipeleka ya pili. Nikaiacha mezani ipoe, vifuniko vya plagi vikiwa wazi, nikaenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilikuta vifuniko vimefungwa na skrubu zimekazwa. Nilijua Baba amenisaidia, na hata nikamshukuru.

Jumatatu meneja alisimama na saa yake, na mama wa chai akaja kuona maajabu. Nikachomeka. Printa ikanyamaza kama kawaida yake.

"Basi, stoo," meneja akasema.

Nikamwomba dakika kumi. Nilifungua vifuniko na kukuta waya nyekundu inatoka pini ya pili na kuingia pini ya pili. Ilikuwa imelehemiwa vizuri kuliko nilivyowahi kulehemu mimi, kila tone dogo, la mviringo, linang'aa. Mkono ule niliujua, maana ndio ulionifundisha.

Kiwandani hapakuwa na chuma cha kulehemu. Nikaikata kebo katikati kwa kisu cha katoni, nikamenya waya kwa meno, nikasokota nyekundu na nyeupe, nyeupe na nyekundu, na zilizobaki kila moja na mwenzake, kisha nikafunga kwa utepe. Printa ikaanguruma hata mama wa chai akaruka. Meneja aliisoma lebo ya kwanza mara mbili akitafuta kosa, kisha akanipa ufunguo.

Ningeweza kwenda nyumbani nimeridhika. Lakini mimi nina kichwa cha kuchemka upesi, na njia nzima nilikuwa natayarisha hotuba. Nilimkuta Baba sebuleni na wazee wawili wa kanisa, chai na njugu mezani. Alikuwa anawasimulia, naapa, jinsi alivyookoa kazi ya binti yake.

"Mama, ilikubali?" akauliza, uso wote furaha.

"Ilikubali nilipokikata ulichoharibu."

Kisha nikaeleza yote, midomo na masikio, na sikumwachia hata pini moja. Nilichekesha sana siku hiyo. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na njugu. Baba naye alicheka, wa mwisho, halafu akatoka nje kukagua mlango wa choo, ambao haukuwa na shida yoyote. Nilijiona mshindi, na usiku huo nilikula vizuri.

Majuma mawili baadaye plagi ya pasi ilianza kutoa moshi. Mama yangu akamwita Baba, kama siku zote. Akaja na bisibisi, akaketi, akaigeuza plagi mkononi. Mtu huyu alikuwa ametia stima nusu ya nyumba za mtaa wetu. Akaiweka mbele yangu, na bisibisi kando yake.

"Angalia wewe kwanza, Mama."

"Baba, hii ni plagi ya pasi. Unaijua kunishinda."

"Hata ile kebo nilidhani naijua," akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikaishika bisibisi, naye akanisogezea taa.