Maji ya Kuchelewesha

Siku ya nne tangu Baba apatwe na kiharusi, Mama alimpa maji, na maji hayo nusura yamuue.

Nilikuwapo. Baba alikaa kitandani wodini, mito miwili mgongoni, upande wa kulia wa uso umelegea. Tangu Jumatatu alikuwa akitiwa dripu mkononi, na midomo yake ilikauka hata ikapasuka. Mama akatazama huku na huku, akamimina maji kidogo kikombeni, akamwekea mdomoni. Baba akameza. Papo hapo akapaliwa. Macho yakamtoka, uso ukaiva, kisha ukaanza kuwa na rangi nisiyopenda kuikumbuka. Nesi mmoja alikuja mbio, akamuinamisha mbele, akamshikilia hivyo mpaka kikohozi kikapata nguvu na pumzi zikarudi.

"Nani kampa maji?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama. "Mtu hanyimwi maji, mwanangu. Hata adui hanyimwi."

Nesi hakumgombeza. Aliitwa Rahila, mwanamke mwembamba wa makamo, na lau angemgombeza Mama siku ile, sidhani kama tungekuwa na Baba leo. Mama yangu ukimpandishia sauti hasikii tena unachosema. Rahila alivuta stuli, akakaa.

"Bi Mwatima, kooni mna njia mbili. Moja ya chakula, moja ya pumzi. Tukimeza, njia ya pumzi hufunikwa upesi. Sasa kifuniko cha mzee kinachelewa kuamka. Maji yana mbio; yanafika mlango ungali wazi, yanaingia mapafuni."

"Basi nimnyime?"

"Hatumnyimi. Tunayachelewesha."

Nieleze kidogo wazee wangu walikuwa nani kabla ya hapo. Mama ni mtu wa Matemwe, aliyeolewa mjini na kukaa Kiembe Samaki zaidi ya miaka thelathini. Kazi yake ni kupaka hina maharusi. Huponda majani mwenyewe, huchuja, hukanda, hutia kwenye koni ya nailoni, na maua yake husimama mkononi kama yamechongwa. Hakuwahi kupima kitu kwa kijiko wala mizani. Akiulizwa maji kiasi gani, hujibu, "Mpaka iseme basi." Baba, Khatib, alikuwa fundi bomba. Nyumba chache za Mji Mkongwe ndizo ambazo hakupata kuingiza mkono ukutani mwake, akifuata bomba lililozikwa kwenye chokaa na watu waliokwisha kufa. Maisha yake yote alihangaika ili maji yafike upesi. Sasa yalikuwa yanamfikia upesi kupita kiasi.

Rahila alirudi na vikombe viwili na bomba la sindano lisilo na sindano. Akachomoa mchi wake wa kusukumia, akaziba tundu la chini kwa kidole, akajaza maji mpaka alama ya kumi. "Tahiya, hesabu sekunde kumi," aliniambia, akaachia kidole. Sikufika hata kumi. Maji yote yalikwisha kudondoka. Kisha akajaza maji ya kikombe cha pili, aliyoyatia unga wa kuzitisha. Nikahesabu. Nilipofika kumi akaziba. Yalibaki mpaka alama ya sita.

"Mzee anataka yanayobaki baina ya nne na nane," alisema. "Yakibaki machache, mepesi, yatampalia. Yakizidi, mazito, atashindwa kuyasukuma. Ukaidi huu wa kitu kukataa kumiminika unaitwa mnato."

Baba alikuwa akitazama bomba lile kwa makini, kama alivyokuwa akitazama valvu mpya. Akafungua mdomo, maneno yakatoka yamelowa na kukatika. "Tabaka," alisema. "Maji... tabaka juu ya tabaka. Zinateleza. Uji... tabaka zinavutana... mashati."

Rahila alicheka, akamshika bega. "Ndivyo hasa, mzee. Zinavutana mashati."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu aanguke. Mama akageuza uso dirishani.

Tuliruhusiwa wiki ya tatu. Unga ule wa hospitali ulikuwa haba, kwa hivyo Rahila alimfundisha Mama kutumia wanga wa muhogo: kuupika, kuupoza, kuuchuja, kisha kupima. Mama alianza kwa kubisha. Alikoroga, akainua kijiko, akatazama tone linavyokatika, akasema, "Hii tayari." Nikapima. Ilibaki mbili. Akakoroga tena akasema tayari, ikabaki tisa. Mara ya tatu alisema tayari, ikabaki sita kamili, na toka siku hiyo mkono wake haukukosea sana. Lakini hakuacha kupima. Mwanamke ambaye hakuwahi kupima chochote alilifunga bomba lile kwa kitambaa safi, akaliweka kabatini pamoja na vikombe vyake vya wageni.

Jambo moja aliligundua mapema. Kinywaji kikiwa cha moto kilipita mbio, kikipoa kilizita. Alipomwambia Baba, Baba akatikisa kichwa cha kujua.

"Majiko ya mahoteli," alisema. "Mafuta ya moto... yanakimbia bombani. Yakipoa... yanalala. Yanaziba."

"Kwa hivyo nipime kikiwa vuguvugu, vile unavyokunywa?"

"Naam. Kama kinavyonywewa."

Wakawa hivyo wawili, yule wa mabomba na yule wa hina, wakizungumzia uji kama watu wanaojenga nyumba. Nilikuwa nakuja kila siku kutoka Mtoni baada ya kazi, na mara nyingine niliwakuta wanabishana mpaka nikasahau kwamba mmoja wao mgonjwa.

Kisha, mwezi wa pili, Baba akaanza kupaliwa tena.

Si kila mara. Mwanzo wa kikombe alikunywa salama. Akifika nusu, kikohozi. Mama alipima kila kikombe mbele yangu, na kila kimoja kilibaki tano au sita. Siku ya tatu Baba alipata homa, tukamrudisha hospitali, wakasema kifua kimeanza kuingia maji. Alipewa dawa, akatulia, tukarudi naye nyumbani. Lakini Mama hakutulia. Alikaa jikoni, mikono mapajani, akalia bila sauti.

"Ni mimi," alisema. "Kuna kitu nakifanya."

"Mama, umepima. Nimeona."

"Nimepima kikombe kizima. Sijapima nusu iliyobaki."

Alisema vile kama aliyejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akainuka, akakichukua kikombe alichokiacha Baba, akakiinamisha. Kinywaji kilikwenda ukingoni kama maji ya kisimani. Na kilikuwa baridi. Kilipasa kuwa kizito zaidi. Akajaza bomba, nikahesabu. Hakikubaki kitu.

Alifikiri muda mrefu. Kisha akapika wanga upya, akaugawa vikombe viwili. Cha kwanza akakiacha. Cha pili akachota kijiko, akakitia mdomoni mwake, akakirudisha kijiko kikombeni, akakoroga. Akafanya hivyo mara nne tano, kama anavyomlisha Baba. Akavifunika vyote viwili, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, kikombe cha kwanza kilikuwa vilevile. Cha pili kilikuwa kimekuwa maji.

"Mate," alisema. "Tahiya, ni mate! Kijiko kinatoka mdomoni mwa baba yako na mate, kinarudi kwenye kikombe."

Tulimpigia simu Rahila. "Subhanallah, sikukwambia hilo," alisema. "Ni kosa langu. Mate yana dawa ya kuvunja wanga, ndiyo kazi yake. Kikombe kinaanza kizito, kinakwisha chepesi. Mimina kidogo kidogo kwenye kibakuli, kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye kikombe kikubwa. Bi Mwatima, hili nitawaambia wote wodini."

Tangu hapo Baba hakupaliwa. Ila sasa tatizo likawa Baba mwenyewe.

Alichoka na wanga. Ulikuwa umemkaa mdomoni asubuhi, mchana na jioni, kwenye chai, kwenye maji, kwenye dawa. Alianza kugeuza uso. Siku moja alikunywa vijiko vitatu tu toka alfajiri mpaka alasiri, na ngozi ya mkono wake ukiivuta ilibaki imesimama. Mama alimbembeleza, akamkasirikia, akambembeleza tena.

"Unataka nini, Baba Tahiya? Niambie."

"Maji," alisema Baba. "Maji matupu. Yasiyo na... ladha ya ukuta."

Wiki ile alikuja mdogo wake Mama kutoka Matemwe, mama mdogo Mwanamkasi. Yeye analima mwani pwani ya kule, na kikundi chao cha wanawake huupika mwani, wakafanya juisi, achari na sabuni. Alikuja kumuona shemeji yake, akamkuta dada yake amekonda kuliko mgonjwa. Mama akamsimulia yote.

Mwanamkasi alisikiliza, kisha akauliza swali moja. "Dada, mwani ukichemka si unavuta?"

"Unavuta, lakini una chumvi na harufu."

"Ukiuosha kwa haraka una chumvi. Uoshe maji saba, ulaze, ubadilishe maji tena, uone kama kitabaki kitu."

Jumamosi iliyofuata alileta mwani mkavu kwenye mkoba. Wakauosha wee, wakauloweka, wakaubadilishia maji, wakauchemsha kwa moto mdogo mpaka ukayeyuka, wakauchuja kwa kitambaa chepesi cha melimeli mara tatu. Kilichotoka kilikuwa cheupe, karibu uone ng'ambo yake. Mama akakichanganya na maji ya kunywa, akainua kijiko, akatabasamu. Ni tabasamu lile la hina ikikubali.

"Tazama," aliniambia. "Nikikoroga kinalegea. Nikikiacha kinajikusanya. Kama hina: ukiiminya inatoka laini, ikitua kiganjani inasimama. Basi nitakoroga, nikiache kitulie, ndiyo nipime."

Hakumpa Baba hata tone. Alimpigia simu Rahila, na Rahila akamuuliza kwanza daktari wa Baba, kisha akaja mwenyewe siku yake ya mapumziko, amevaa baibui la nyumbani, mkoba begani. Alipima. Sita. Akamwambia Mama atie mate yake kwenye kikombe kingine cha maji yale, tukangoja nusu saa tukinywa chai. Akapima tena. Sita.

"Mate hayauwezi," alisema, akatikisa kichwa. "Si wanga huu. Haya, mzee. Kijiko kimoja tu, nami nipo hapa. Inamisha kidevu. Meza. Meza tena."

Baba akameza. Sote tulikuwa tunamtazama koo. Rahila alimwambia aseme "aaa", akasikiliza kama sauti imelowa. Haikulowa. Akampa cha pili.

Baba akafumba macho. Machozi yakamtoka upande wa kushoto na upande wa kulia, hata ule uliokufa ganzi.

"Maji," alisema. Neno lilitoka zima.

"Yakoje, shemeji?" aliuliza Mwanamkasi. "Yana chumvi?"

"Kidogo. Kama kuoga pwani... ukameza." Na akacheka, kicheko cha upande mmoja, nasi tukacheka na kulia pamoja naye. Rahila alifuta macho kwa pembe ya mtandio wake, akatwambia, kwa sauti ya kazi, kwamba wagonjwa hawafanani, na kilichomfaa huyu asipewe mwingine kabla ya kupimwa.

Siku ile Baba alimaliza kikombe kizima. Kesho yake vinne.

Miezi mitatu alikunywa maji ya mwani, huku Rahila akimfanyisha mazoezi ya shingo na ulimi. Kila baada ya wiki mbili walipunguza: ikabaki tano, ikabaki nne, ikabaki mbili. Mama alisema ni kama kumfundisha mtoto kutembea, isipokuwa anayetembea ni maji. Mwezi wa saba Rahila alimpa kijiko cha maji ya kawaida, akasikiliza kifua, akampa kingine, akasema, "Alhamdulillahi. Taratibu, kidevu chini, lakini kunywa."

Mkono wa kulia haukurudi. Baba hatashika tena spana, na analijua hilo. Lakini anakula na sisi sinia moja, anagombana na redio, na akimwita Mama jina lake linatoka lote.

Mama sasa huenda wodini kila Jumanne; Rahila alimwomba awaoneshe wanaouguza. Wiki iliyopita nilimsindikiza. Palikuwa na mwanamke wa Tumbatu, Ummkulthum, anayemuuguza mama yake. Alikuwa ameketi na kikombe cha uji mikononi, anaogopa kumpa. Mama alikaa ubavuni mwake, akamwamkia bibi kitandani, "Shikamoo, bibi," na bibi akainua vidole viwili. Kisha akamuonesha Ummkulthum kumwaga kidogo kibakulini, kuweka kijiko kando, kuhesabu.

"Nikikosea?" aliuliza Ummkulthum.

"Mimi nilikosea, na Mungu akatusitiri. Hebu mpe kimoja, nipo hapa."

Bibi akameza vijiko vitano, akalala. Ummkulthum akauinamia mkono wa Mama, akaubusu. Walikaa wawili wale wakimsikiliza mgonjwa akivuta pumzi kavu, safi, mpaka kengele ya kutoka wageni ikalia, nami nikaenda kuita teksi.