Yago Lililozikwa kwa Jina la Amondi

Mtu akikusalimia huku anakutazama miguu kuhakikisha kama inagusa chini, utamjibu nini? Amondi binti Olima alisalimiwa hivyo tangu siku ya kwanza aliporudi Tarime, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Unaangalia nini?" Sokoni, muuza dagaa aliyesoma naye darasa moja alimwona akadondosha kopo la kupimia, akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga magunia. Amondi hakumwokotea kopo. Alichukua dagaa mmoja kwenye fungu, akamtafuna taratibu mbele ya macho yake, akasema, "Wafu hawali dagaa, sivyo?" Kisha akaenda zake bila kununua kitu.

Kwa watu wa kwao, Amondi alikuwa amekufa baharini na akazikwa nyumbani kwao, Turwa.

Habari yenyewe ni ya aibu, na nusu ya aibu hiyo ni yake mwenyewe, ingawa ukithubutu kumwambia hivyo atakutimua. Aliondoka akiwa na miaka thelathini na minane kwenda kufanya usafi kwenye meli ya watalii, meli ya ghorofa kumi na mbili inayozunguka bara hadi bara. Siku ya kuaga, kaka yake Elkana alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamke asiyeolewa anayekimbilia kufua mashuka ya Wazungu ni hasara iliyovaa sketi. Watu wakacheka. Mama yao, Dorka, naye alicheka, kidogo tu, lakini Amondi aliona. Akawaambia, "Mtanitafuta," akafunga zipu ya begi.

Mwezi wa pili simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya sabuni ikafa. Namba ya mama yake aliijua kwa kichwa. Mara tatu aliazima simu ya mwenzake, mara tatu akaibonyeza namba hiyo hadi mwisho, na mara tatu akaifuta. Waache wahangaike, alijisemea. Miezi ishirini na miwili alikaa na kauli hiyo.

Walihangaika kweli. Dereva mmoja wa malori alipita mpakani Sirari na habari kwamba kuna mwanamke wa Tanzania, mfanyakazi wa meli ya watalii, amedondoka baharini hakuonekana tena. Ilikuwa kweli, ila ni meli nyingine na mwanamke mwingine. Nyumbani wakapiga simu isiyopatikana kwa miezi mitano. Mwishowe wakafanya kile Wajaluo hufanya maji yanapogoma kurudisha maiti: walikata yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake, wakalivika shuka, wakalilia, wakalizika badala ya mtu. Na kwa kuwa Amondi hakuolewa, hawakulizika ndani ya boma. Binti asiyeolewa huzikwa nje ya uzio, basi nalo likawekwa huko, nyuma ya minyaa.

Wiki tatu baadaye Judith, mke wa Elkana, alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Amondi.

Kosa la kuzika tunda angeweza kulisamehe. Hata kule nje ya uzio angepavumilia, kwa kuwa mila aliijua. Lakini kwamba jina lake sasa linaitwa uani kila asubuhi na anayeitika ni mwingine, hilo lilimshinda. Kwenye meli alivaa jina hilo kifuani, limechongwa kwenye kibao cha shaba, na maelfu ya wageni wasiomjua walilitamka, wengine wakilivunjavunja, lakini walilitamka. Alirudi kwao akakuta hakuna wa kumwita kwa jina hilo. Watu walimwita "wewe", au "dada", au walikohoa. Alitaka kitu kimoja tu: yago lifukuliwe, na mama yake amwite Amondi.

Alipanga chumba Nkende kwa Mama Gati, mjane wa Kikurya asiyejua kunong'ona. "Sisi tungekuchinjia mbuzi kwanza, maswali baadaye," Mama Gati alimwambia. "Lakini na wewe una roho ngumu, weee! Miaka miwili hata mlio wa simu?"

"Nimekuja kupanga chumba, Mama Gati, sikuja kuungama."

Hapo Nkende ndipo mwalimu Vincent, mstaafu, alipomfuata kuuliza mambo ya meli. Alikuwa amekatiwa tiketi na binti yake aliyeko ng'ambo: wiki saba baharini, yeye na mkewe. Alikuja na daftari la mraba na kalamu mbili. Alikalia ukingo wa benchi, mbali na Amondi kiasi cha mtu wa tatu kukaa katikati.

"Andika," Amondi alimwambia. "Dawa zako za presha usiziweke kwenye sanduku kubwa. Sanduku wanalichukua bandarini asubuhi, linafika mlangoni kwako jioni. Likipotea, linapotea na presha yako. Ziweke kwenye mkoba wa begani, pamoja na chupi mbili na nakala ya pasipoti."

"Chupi mbili," mwalimu aliandika.

"Chumba omba cha katikati, ghorofa za chini. Wanaojidai wanataka juu na mbele, na hao ndio niliowafutia matapishi. Ukisikia kichefuchefu usijifungie ndani. Toka nje, tazama pale bahari inapokutana na mbingu, tafuna tangawizi na biskuti kavu. Usikae na njaa, tumbo tupu ndilo linaloyumba zaidi. Na ufuate saa ya meli! Simu yako itajibadilisha yenyewe kila mkivuka nchi, itakudanganya. Nimeona watu wazima wamebaki gatini na mifuko ya zawadi, wanapunga mikono, na meli hiyoo."

"Haiwasubiri?"

"Ikusubiri wewe una nini? Na jambo la mwisho. Anayekusafishia chumba ana jina, limeandikwa kifuani. Mwite kwa jina lake."

Mwalimu aliandika, akafunga daftari, akasimama. "Nashukuru sana, eeh... dada," alisema. Amondi alimtazama akivuka barabara, akatamani meli imsahau gatini yeye na daftari lake.

Mwezi wa tatu tangu arudi, ukoo ulikubali kukaa kikao. Walikaa barazani kwa Elkana. Amondi aliwekewa kiti cha plastiki nje ya geti, kwa sababu, walisema, aliyekwisha kuzikwa hapiti getini kabla hajatakaswa. Namna ya kumtakasa hawakuafikiana. Mmoja alitaka kondoo, mwingine alitaka atobolewe njia kwenye uzio. Kwa hiyo alizungumza na jamaa zake kupitia minyaa.

"Shikamoo, mzee Erasto," alipaza sauti.

Mzee Erasto, mdogo wake marehemu Olima, alikuwa mtu wa haki. Lakini marahaba kwa maiti hakuwahi kuitoa. Akakohoa.

"Muulizeni anataka nini," Dorka alisema. Alikuwa ameketi mgongo ukiangalia geti, mtoto mapajani.

"Mama, niulize mwenyewe. Nasikia."

"Muulizeni."

"Nataka mfukue tunda lenu!" Amondi alisema. "Mlitupe, mfukie shimo, basi."

Elkana alisimama. "Jina ulilitupa wewe mwenyewe. Miezi ishirini na miwili! Mama alikuwa anaamka anauliza kama simu imelia. Nani alikukataza kupiga?"

"Na wewe hukusubiri hata nusu mwaka. Ulikuwa na haraka gani, nyama ya matanga?"

Watu wakaguna. Dorka akainua mkono, wakanyamaza, na alipozungumza alizungumza na mzee Erasto.

"Mtoto huyu alizaliwa analia. Siku tatu, hanyonyi. Tukamtajia Akech, akalia. Tukamtajia Happy, jina la kanisani, akalia. Nilipomtajia yule marehemu, akanyamaza, akashika ziwa. Ninyi wazee mnajua maana yake. Mkifukua kule, mnamvua huyu jina. Na akivuliwa, atabaki na nini cha kumshikilia hapa?"

"Marehemu nani?" Amondi alipiga kelele. "Mwenye jina huyu hapa, amekalia kiti chako!"

Dorka hakugeuka. Mzee Erasto akasema watakutana tena wiki ijayo.

Wiki hiyo haikuisha. Siku ya nne Judith alifika Nkende mchana, kanga moja, miguu mitupu. "Umefurahi?" alilia. "Mtoto anaharisha na kutapika tangu jana. Ulikuja kuchukua jina, haya, chukua na roho!"

Kusema kweli, kitu cha kwanza alichohisi Amondi hakikuwa huruma. Alihisi kwamba sasa watamsikiliza. Alijisikia hivyo waziwazi, akajichukia, akasimama.

"Tangu asubuhi amekojoa?"

"Nini?"

"Nimekuuliza kama amekojoa, Judith!"

"Hapana."

Akachota chumvi na sukari jikoni kwa Mama Gati, akajaza chupa maji yaliyochemshwa, wakapanda bodaboda hadi Turwa. Elkana alikuwa amesimama getini, mikono ameitandaza.

"Huingii hapa. Mzee Erasto anafuatwa."

"Sina haja na boma lako. Nileteeni mtoto hapa nje."

Judith akampita mumewe, akarudi na mtoto. Alikuwa mlegevu, macho yamedidimia, midomo imekauka. Amondi alitafuta pa kukaa. Kote kulikuwa na tope la mvua ya jana, isipokuwa sehemu moja iliyoinuka nyuma ya minyaa, udongo umeshindiliwa vizuri, na pana kivuli. Akaenda akakaa hapo. Dorka alitoka mbio, mikono kichwani.

"Anamkalisha mtoto juu ya kaburi! Elkana, juu ya kaburi!"

"Ni kaburi langu," Amondi alisema, "nakaa nitakavyo. Leteni kijiko."

Mwaka wa kwanza wa kazi, tumbo liliwashika abiria mia tatu ndani ya wiki moja, na daktari wa meli, mwanamke mfupi asiyecheka, aliwafundisha wafagizi kwa kuwa wauguzi hawakutosha. Lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Usimpe kwa kikombe, atarudisha. Mpe kijiko, subiri, kijiko. Akitapika pumzika dakika kumi, anza tena. Amondi aliwanywesha hivyo vikongwe wenye pete za almasi. Sasa alimnywesha mtoto huyu aliyemchukulia jina, na kila alipotapika aliwatazama waliomzunguka kwa hasira, akasubiri, akaanza upya. Baada ya saa nzima ulimi ulitoka ukalamba kijiko.

"Haitoshi," alisema. "Anahitaji dripu. Twende kituo cha afya."

"Tunamsubiri mzee," Elkana alisema.

"Msubiri wewe."

Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya Judith, akapanda bodaboda. Kabla haijaondoka alisikia mtu anapanda nyuma yake, akashikwa kiuno. Ilikuwa mikono ya mama yake. Njia nzima hadi kituoni Nyamisangura Dorka hakuachia.

Vyuma vya kutundikia dripu vilikuwa viwili, vyote vimeshikwa. Muuguzi alipata mshipa mara ya tatu, akamkabidhi Amondi chupa aishike juu. Dorka alikaa kitandani, unyayo wa mtoto ameufumbata kiganjani.

"Mmewahi," muuguzi alisema. "Nani alimpa maji ya sukari na chumvi?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri sana. Bila hivyo huenda tungekuwa tunazungumza mengine." Akavuta daftari. "Jina la mtoto?"

"Amondi," Dorka alisema haraka. "Amondi Elkana."

"Na wewe uliyemleta?"

Miezi mitatu Amondi alikuwa akingoja mtu mwenye kalamu amuulize swali hilo. Alifungua mdomo. Aliona mabega ya mama yake yakipanda, na kile kiganja kikiubana ule unyayo mpaka vidole vya mtoto vikajikunja. Akatambua kwamba mama yake anaogopa, si kwa mchezo, anaogopa jina lisije likatamkwa mara mbili kwenye kitanda hicho kimoja, mtoto akalipoteza.

"Niandike shangazi yake," alisema.

"Shangazi yake alikufa," Dorka alisema.

Hakuinua sauti. Hakumtazama Amondi, alimtazama mtoto, na machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye kanga. Kalamu ya muuguzi ilibaki hewani. Akamtazama bibi, akamtazama huyu mwanamke aliyesimama na chupa, pua ile ile, paji la uso lile lile.

Iliuma. Amondi alijua matusi ya kutosha kuubomoa ukuta wa chumba kile, na yote yalimjaa kinywani, akayameza moja moja.

"Basi andika jirani," alisema.

"Jirani wa wapi?"

"Nkende."

Muuguzi akaandika. Mkono wa Amondi ulikuwa umeanza kufa ganzi, akabadilisha, akainua chupa juu zaidi ili maji yaendelee kushuka.