Sahihi ya Marehemu Tranquilino

Obdulia Barragán alikuwa fundi wa ndege hapa kwenye uwanja wa ndege wa Toluca kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake hasa ilikuwa kukagua jeti kuukuu kabla mnunuzi hajatoa pesa. Mimi nilikuwa nikishona viti vya ndege hizohizo, katika hanga moja naye, banda la kuwekea ndege.

Mwaka mmoja dalali, Efrén, alileta jeti ndogo ya abiria saba, kongwe kuliko ndoa yangu. Alinipa ngozi mpya nivishe viti, kisha akapulizia manukato ndani mpaka macho yakawasha. Mnunuzi, Don Higinio, mfugaji kuku kutoka Tepatitlán, aliketi akaipapasa ngozi.

"Inanukia kama bibi harusi!"

"Ngoja kwanza nimfunue shela," Obdulia akamjibu, akachukua bisibisi.

Alifungua sakafu ya choo. Uvundo ulitutoa mbio sote. Maji ya choo yalikuwa yamevuja humo miaka na miaka, mbavu za ndege zimeliwa na kutu zikawa unga mweupe, na mtu alikuwa amepaka rangi juu ya uchafu ule, nywele na vipande vya karatasi vikiwamo. Obdulia alirudi amejifunga kitambaa puani. Alisukuma bisibisi kidogo tu, ikazama.

Akaomba kitabu cha matengenezo. Humo iliandikwa kwamba sakafu ilifunguliwa mwezi Novemba, ikakutwa salama. Sahihi ilikuwa ya Tranquilino Ocampo, mzee aliyemfundisha Obdulia kazi.

"Tulimzika Julai," Obdulia alisema. "Julai ya mwaka huohuo."

Efrén akacheka. "Mama, usinikazie. Mzee alikuwa mtu wa watu. Hata huko aliko asingeninyima sahihi."

"Koma! Usimtaje kwa mdomo huo."

Akamgeukia Don Higinio, akitarajia naye atawaka. Yule bwana alikuwa ameziba pua kwa leso, anamtazama dalali.

"Sasa hapo, mwanangu, utanipunguzia ngapi?"

"Don Higinio! Utawapandisha wajukuu zako humu?"

"Wajukuu wa nini? Nitairusha mwaka mmoja, nimuuzie mwingine. Hata kuku mgonjwa huuzika, mama, ukimwahisha sokoni."

Obdulia alitoka nje akatema mate. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Aliporudi akaomba kalamu, nao wakampa upesi wakidhani amelainika. Akajaza ukurasa mzima wa kitabu kile: uozo, rangi, sahihi ya marehemu, na mwishoni, haifai kuruka. Akaupiga picha, akaituma kwa wakaguzi wa serikali palepale.

Efrén alitaka kuuchana.

"Chana. Kurasa zina namba, na picha imeshafika."

"Mchawi wewe! Hutapata kazi tena hapa!"

Hilo hakukosea sana. Madalali walimsusa mwaka na nusu, akawa anatengeneza ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Jeti ile ilizuiwa kuruka, ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Don Higinio alinunua nyingine kwingine, sijui ya namna gani.

Kabla haijakatwa, Efrén alinitaka nivue ngozi niivishe jeti nyingine. Nilimwambia atafute mshonaji mwingine. Nilisema kwa sauti ndogo, maana uvundo ule niliusikia tangu siku ya kwanza ya kushona, nikanyamaza, nikapokea ujira wangu.