Kitabu cha mafundi kilichobebwa kutoka Czech, na kaunta ya Stockholm iliyoninyima kukiona

Siku ya kwanza maishani kuitwa Mswidi bila kuulizwa asili yangu, nilikuwa naitwa mwizi.

Wakuu, salaam. Hili sikusimuliwa na shemeji wa jirani. Limenipata mwenyewe, na karatasi zote ninazo hapa mezani.

Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni Mkenya, naishi Tensta, kitongoji cha Stockholm. Kazi yangu ni kupiga plasta ya chokaa kwenye majengo ya kale hapa mjini. Kiangazi cha 2010 mimi na Bahati, fundi mwenzangu wa Bukavu anayekaa Alby, kitongoji kingine, tulichukua likizo tukaenda kuona mji mdogo wa kale huko Czech ambao watu wa fani yetu wanausifu sana.

Sifa si za bure. Nyumba zinazozunguka uwanja zina plasta ya tabaka mbili, nyeusi chini, nyeupe juu. Fundi aliikwangua ile ya juu ingali mbichi mpaka zikatokea picha za simba na wawindaji. Ukikosea, hufuti. Bahati alipapasa ukuta mmoja akaguna tu, na Bahati si mtu wa kunyamaza.

Kanisani tulipokelewa na guide wa kujitolea, mwalimu mstaafu, Bibi Vera. Akatuonyesha meza ya mbao yenye mnyororo uliokatwa. Hapo, alisema, palikuwa na kitabu chenye majina ya mafundi waliojenga mnara. Jeshi la Uswidi lilikibeba katika vita vya karne ya kumi na saba.

"Nyinyi mmetoka wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Stockholm."

"Ahaa. Kumbe ni nyinyi mliokichukua."

Bahati alicheka mpaka akashika nguzo. "Miaka kumi na mbili unatafuta kuitwa Mswidi, ndugu! Leo umeipata. Rudisha kitabu ya mama, weye!"

Mama mwenyewe hakucheka. Alisema macho yake yanafifia, na daktari amemwambia asitegemee kusoma kwa muda mrefu. Miaka ishirini amekuwa akiwaonyesha watu meza tupu. Aliwahi kuona namba ya kitabu hicho kwenye orodha ya hifadhi moja ya vitabu vya kale, Stockholm. Akaniandikia namba hiyo.

Alitaka kitu kimoja tu: picha ya ukurasa wa majina, angali anaweza kuyasoma.

Nikaahidi. Si naishi huko huko? Kazi rahisi.

Wakuu, rahisi wapi!

Hifadhi yenyewe sitaitaja. Nilienda na shati la pasi. Bwana wa kaunta akaangalia namba, akathibitisha kitabu kipo. Kisha:

"Unawakilisha taasisi gani?"

"Hakuna. Mimi ni fundi plasta."

"Fundi plasta anakitakia nini kitabu hiki?"

Kitabu cha mafundi, jamani! Alitaka aje daktari wa meno?

Nikamwambia mimi ni raia wa nchi hii. Akatabasamu, akauliza lile swali tunalolijua wote: lakini hasa hasa, natoka wapi?

Nilijaza form. Jibu likaja: leta barua ya chuo kikuu. Nikamtafuta mhadhiri mmoja wa usanifu majengo, akaniandikia. Jibu la pili: kitabu ni dhaifu, hakifunguliwi mpaka kikaguliwe. Lini? Tarehe haipo.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kukata mnyororo na kukibeba kwa mkokoteni nusu ya Ulaya, kilikuwa imara. Kugeuza ukurasa mmoja mbele ya kamera, ghafla ni dhaifu!

Nililojifunza: kila jibu la kaunta omba kwa maandishi, na jina la aliyekujibu. Mimi mwanzoni niliridhika na maneno ya mdomo, nikapoteza wiki sita.

Nimekata rufaa. Mwenye uzoefu na hifadhi za huku afunguke hapa chini. Na anayeona hifadhi ina haki, aje pia, ila aje na hoja.

Juzi Bibi Vera alinipigia simu. Email zangu sasa anasomewa na jirani. Jicho la kushoto limezima, la kulia bado linaona herufi kubwa.

Rufaa iko wiki ya tisa. Haijajibiwa.