Vibuyu Vilivyopona Moto

Ilianza Jumamosi, saa kumi kamili. Saa sina shaka nayo: redio ya Baba ilikuwa ndiyo inaanza habari na kutuambia Rais alikuwa wapi siku hiyo, Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Moto! Toeni mtoto!" Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Cheche ilikuwa imerukia nyasi za paa.

Majirani wa Yamumbi walikuja mbio na ndoo. Nusu ya paa ilienda, lakini hakuna aliyeumia. Watu wakasema Mungu ni mwema, wakarudi kukamua. Mimi nilibaki. Nilikuwa kidato cha pili, mwoga hata wa kuitikia jina langu darasani, lakini macho yangu hayakuwa na aibu. Nilitaka kuona moto umefanya nini. Nikaandika kwenye daftari: chumvi imekuwa jiwe. Kioo cha taa kimejikunja kama sikio. Kikombe cha plastiki hakiko, kumebaki harufu yake.

Vibuyu vitatu vya mursik vilikuwa bado vimening'inia ukutani, vizima. Hayo ni maziwa lala ya Kogo, mama yake Baba. Alikuwa akivipangusa masizi kwa leso.

"Na moshi wote huo, Mama?" mama yangu akamuuliza.

"Moshi? Vibuyu ndani tunavisugua kwa mkaa, wewe unaogopa moshi wa nje? Kwani uliolewa kwa wazungu?"

Hata Mama alicheka. Kesho yake watu wa kanisa wangekuja kutupa pole, na Kogo hangekubali wageni wanywe maji matupu kwake.

Kuhusu moshi alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa nikitazama nzi. Chini ya vibuyu walikuwa wamelala chali, wengi, na kwingine kote jikoni hakukuwa na hata mmoja. Kwa nini pale tu? Nikapanda kwenye kigoda. Juu ya vibuyu, kwenye rafu ambayo watoto hawafikii, kulikuwa na mkebe wa Baba wa dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Ulikuwa umevimba tumbo, kifuniko kimeruka, ndani mkavu. Sasa dawa ilienda wapi? Nikaona mchirizi wa mafuta ukutani. Nikaufuata kwa macho mpaka kwenye shingo za vibuyu.

Ticha wa kilimo alikuwa ametuambia dawa hiyo hupita hata kwenye ngozi. Kwa hivyo nilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kufungua mdomo mbele ya watu wazima ni kingine. Wakati wa kula nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza Baba akauliza, "Unataka chumvi? Kalete nyundo." Wakacheka. Mara ya pili nikaishia kuomba maji. Nikajifariji kwamba wageni ni baada ya kanisa, nikaandika: *Kesho nitasema.*

Nilisahau kwamba anayetengeneza mursik ndiye huonja kwanza.

Asubuhi nilimkuta Kogo mlangoni mwa jikoni, kibuyu kati ya magoti, kikombe kimejaa. Akakiinua.

"Kogo, weka chini!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mimi.

"Ala! Bubu ameongea. Nani amekupa mdomo leo?"

Nilikunjua karatasi ya daftari niliyokuwa nimefungia wale nzi waliokufa, nikamwonyesha. Nikamwonyesha mkebe. Kwa kijiti nikaufuata ule mchirizi kutoka juu mpaka chini. Kogo aliinama. Alinusa hewa juu ya kibuyu, akarudisha kichwa haraka.

"Huu si moshi," akasema.

Nilichimba shimo nyuma ya boma, mbali na kisima. Akanipa kibuyu cha kwanza, cha pili. Cha tatu alichelewa nacho. Alikuja nacho kutoka kwa mama yake siku alipoolewa. Akakifungua mkanda wa ngozi wenye shanga uliokining'iniza, akaukunja kiganjani.

"Ngozi haina maziwa," akaniambia.

Mkanda nao ulikuwa uking'aa mafuta. Nilinyoosha tu mkono, nikangoja, mpaka akauachilia.

Nilipomaliza kufukia, nilileta maji ya moto na kipande cha sabuni, nikamwosha mikono, kidole kwa kidole, halafu nikaosha yangu.